Mhusika wako aigizwe na nani? Kunyamaza, kuacha wazi au kufunga

Ukimaliza tamthilia au mswada wa filamu, au riwaya yako ikipata mtu anayetaka kuiweka kwenye skrini, swali hili halikwepeki: mhusika huyu aigizwe na mtu wa rangi gani, wa jinsia gani, na nani mwenye kauli ya mwisho? Waandishi wengi huliacha lijijibu lenyewe siku ya usaili. Hapo ndipo wanapopotezea, kwa sababu siku hiyo mwandishi mara nyingi hayupo, na hata akiwapo ni mgeni mwalikwa asiye na kura.

Nimezilinganisha hapa njia walizopita waandishi ambao matokeo yao tumeyaona, ili wewe mwenye mswada mezani uamue mapema. Msimamo wangu nausema tangu sasa: kunyamaza si kuacha wazi. Anayetaka uhuru auandike. Anayetaka mpaka auandike pia, tena mahali ambapo mtayarishaji atalazimika kuusoma.

Kunyamaza, au kuandika kwamba nafasi iko wazi

Kwa mtazamo wa haraka njia hizi mbili ni moja. Mwandishi wa kwanza hataji rangi wala jinsia, akiamini kila msomaji atajiona mle ndani. Wa pili naye hana shida na yeyote atakayeigiza, ila ameyaweka hayo kwa maandishi. Tofauti inaonekana siku ya kugawa nafasi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Alien, filamu ya mwaka 1979. Dan O'Bannon, aliyeandika mswada wa kwanza, aliwapa wahudumu wa chombo cha anga majina ya ukoo peke yake, kisha akaweka maelezo mafupi kwamba nafasi zote zinaweza kuchukuliwa na wanaume au wanawake. Sentensi moja tu. Mswada ukaandikwa upya na Walter Hill na David Giler, ukaongozwa na Ridley Scott, na mhusika aliyekuja kuitwa Ripley akapewa Sigourney Weaver.

Tazama tukio moja kwa karibu. Wahudumu watatu wanarudi chomboni, na mmoja wao ameng'ang'aniwa usoni na kiumbe wasichokijua. Nahodha yuko nje anaamuru mlango ufunguliwe. Ripley, aliye ndani, anakataa: kanuni za karantini zinasema wasubiri, na akivunja kanuni wanaweza kufa wote. Mwenzake anamzunguka na kufungua. Kwenye karatasi tendo lile halina jinsia. Ni ofisa anayefanya kazi yake. Ukiliona usoni kwa Weaver linapata uzito ambao haukuandikwa: aliyekuwa sahihi ndiye aliyepuuzwa, na ni mwanamke. Uzito huo ulipata nafasi ya kuingia kwa sababu mwandishi aliacha mlango wazi na akasema kwamba ameuacha wazi. Bila sentensi ile, watayarishaji wa miaka ya 1970 wangemweka mwanamume, si kwa chuki bali kwa mazoea.

Hilo la mazoea ndilo kiini cha jambo. Mahali mwandishi aliponyamaza, mazoea husema, na kila nchi ina ya kwake. Hollywood kwa miaka mingi asiyetajwa rangi alikuwa Mzungu, na asiyetajwa jinsia alikuwa mwanamume. Kwetu mazoea ni mengine: stelingi wa kike awe mweupe au maji ya kunde, bosi awe mwanamume, mfanyakazi wa ndani awe na lafudhi ya kuchekesha. Ukinyamaza, hayo ndiyo utakayoletewa, na huna pa kulalamikia kwa sababu hukusema.

Ipo pia njia ya kudokeza. Robert Heinlein, katika riwaya yake Starship Troopers ya mwaka 1959, anakuacha na kijana Juan Rico karibu kitabu kizima, ndipo mwishoni unagundua kwamba nyumbani kwao wanazungumza Kitagalog, lugha ya Ufilipino. Kwa msomaji mbinu hiyo ni tamu, maana umeshamzoea kijana kabla hujajua anatoka wapi. Kwa mtu wa usaili ni dokezo linalopita bila kuonekana. Filamu ya mwaka 1997 ilimpa nafasi hiyo Casper Van Dien, Mmarekani mweupe.

Kutaja kitabuni, au kutaja kwenye mkataba

Wengi hudhani wakishaeleza sura ya mhusika kitabuni kazi imekwisha. Walinganishe Ursula K. Le Guin na Katori Hall.

Le Guin, katika riwaya zake za visiwa vya kubuni vya Earthsea, alimwandika mchawi Ged, mwaka 1968, akiwa na ngozi nyekundu-kahawia. Rafiki yake Vetch ni mweusi. Weupe katika visiwa vile vya Earthsea ni Wakarg, wanaokuja kuvamia. Alifanya hivyo kwa makusudi, tena kwa hila njema: taarifa ya rangi aliiingiza taratibu, ili kijana Mzungu anayesoma awe ameshaingia ndani ya Ged kabla hajatambua. Mwaka 2004 chaneli ya Sci Fi ya Marekani ikaonyesha tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu vile, na Ged akawa Shawn Ashmore, kijana mweupe. Danny Glover alipewa nafasi ya Ogion, mwalimu wa Ged. Waliobaki walikuwa karibu wote weupe. Le Guin aliandika makala yenye uchungu katika jarida la Slate mwezi uleule, akaeleza kwamba mkataba ulimpa cheo cha mshauri tu, cheo ambacho maana yake hupangwa na mtayarishaji. Alikuwa ameandika kila kitu, isipokuwa kwenye karatasi iliyohesabika.

Hall naye aliandika The Mountaintop, tamthilia ya usiku wa mwisho wa Martin Luther King katika hoteli ya Lorraine, Memphis. Wahusika ni wawili: King na mhudumu wa hoteli. Mchezo ulianza London mwaka 2009 na mwaka uliofuata ukapata tuzo ya Olivier ya tamthilia mpya bora. Mwaka 2015, katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, mwongozaji alimpa nafasi ya King mwigizaji mweupe. Hall hakuwa amefunga jambo hilo, kwa sababu hakufikiri kuna mtu angehitaji kuambiwa. Baada ya hapo aliongeza kifungu kwenye leseni ya mchezo, yaani kibali wanachopewa wanaotaka kuuigiza: wahusika wote wawili waigizwe na watu weusi, na anayetaka vinginevyo aombe kwanza ruhusa ya mwandishi. Angalia namna alivyokipanga. Mlango umefungwa, ila ufunguo anao yeye, na mwenye hoja anaweza kubisha hodi. Kati ya vifungu vyote nilivyovisoma, hiki ndicho ningekushauri uige.

Maelezo ya kitabuni yana udhaifu mwingine: wasomaji wenyewe huyaruka. Suzanne Collins, katika The Hunger Games ya mwaka 2008, aliandika bayana kwamba msichana Rue ana ngozi ya kahawia iliyokoza, na kwamba Thresh anafanana naye kwa rangi. Filamu ilipotoka mwaka 2012, Rue akiwa Amandla Stenberg na Thresh akiwa Dayo Okeniyi, kijana wa Nigeria ambaye mama yake ni Mkenya, baadhi ya mashabiki walilalamika mtandaoni kwamba wahusika "wamegeuzwa" weusi. Walikuwa wamekisoma kitabu. Sentensi ile waliipita, kwa sababu mtoto mpole wa kuhurumiwa akilini mwao alishakuwa na rangi yake. Linaniuma kila ninapolikumbuka, na linanifundisha kwamba kutaja mara moja kwenye ukurasa mmoja hakutoshi kama rangi ya mhusika ina uzito kwako. Itaje tena kupitia matendo: wanavyosukana nywele, wanavyotazamwa dukani, wanavyoitwa na wakubwa.

Waliofunga, na kilichowagharimu

Usichukulie kufunga kuwa ni ukaidi. Wapo waliofunga kwa sababu nzito, na wapo waliofunga zaidi ya ilivyohitajika.

August Wilson, aliyeandika maisha ya Wamarekani weusi kwa mfululizo wa tamthilia kumi, alisimama Princeton mwezi Juni 1996 mbele ya watu wa tasnia na kukataa katakata kukasti bila kuangalia rangi. Hoja yake haikuwa kwamba mwigizaji mweusi hana uwezo wa kucheza nafasi iliyoandikiwa Mzungu. Alisema kumweka mtu mweusi ndani ya hadithi ya Wazungu ni kumnyima historia yake na kumwazima ya mwingine. Kinachotakiwa ni majumba ya sanaa na fedha kwa ajili ya tamthilia za weusi wenyewe. Alishika msimamo huohuo kuhusu filamu ya tamthilia yake Fences: iongozwe na mtu mweusi, la sivyo isitengenezwe. Mchezo ulipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1987. Wilson alifariki mwaka 2005. Filamu ilitoka mwaka 2016, ikiongozwa na Denzel Washington. Gharama ni hiyo: karibu miaka 30, na mwenyewe hakuiona. Kwa maoni yangu ilistahili, kwa sababu nguvu ya Fences inatoka kwa baba aliyefungiwa ligi kuu ya besiboli kwa rangi yake, na anayeielewa familia ile kutoka ndani ataiongoza vingine na anayeitazama kutoka nje.

Samuel Beckett alifunga jinsia. Tamthilia yake Waiting for Godot, ya watembezi wawili wanaomngoja mtu asiyekuja, ni ya wanaume, alisema, na jibu linalonukuliwa sana ni kwamba wanawake hawana tezi dume. Vladimir, mmoja wa watembezi hao, hukimbilia nje ya jukwaa kwenda kukojoa, na maradhi hayo ni sehemu ya mchezo. Mwaka 1988 kikundi cha Haarlem, Uholanzi, kiliwapa wanawake nafasi hizo. Kesi ikaenda mahakamani, Beckett akashindwa, naye akazuia michezo yake isichezwe tena Uholanzi. Mwaka 2006, yeye akiwa ameshafariki, wasimamizi wa kazi zake walishindwa tena Italia katika kesi ya namna ileile.

Ila mtu huyohuyo hakufunga rangi. Godot ilichezwa Broadway na waigizaji weusi watupu mwaka 1957. Mwaka 1980, John Kani na Winston Ntshona waliwacheza wale watembezi wawili katika ukumbi wa Baxter, Cape Town, enzi za ubaguzi, na kungoja kule kusikoisha kukawa na maana ambayo kila aliyeketi ukumbini aliielewa. Jifunze hapo kwamba rangi na jinsia ni maamuzi mawili. Usiyafunge kwa kufuli moja, wala usiyafungue pamoja kwa uvivu. Mimi naona Beckett alikosea kuhusu jinsia, kwa sababu kungoja ni kwa binadamu yeyote, na ugonjwa wa Vladimir ungeweza kubadilishwa kwa mstari mmoja. Hata hivyo namheshimu kwa kuwa kila aliyechukua mchezo wake alijua mapema anasimama wapi.

Mfano wa Edward Albee ni mgumu zaidi. Mwaka 2017, miezi michache baada ya kifo chake, wasimamizi wa kazi zake walikataa kutoa haki za tamthilia yake Who's Afraid of Virginia Woolf? kwa onyesho la Portland, Oregon, ambamo Nick, mwalimu kijana, angechezwa na mwigizaji mweusi. Walisema maneno ya mchezo yanamtaja Nick kuwa na nywele za rangi ya dhahabu na macho ya buluu. Mzaha wa George, mwenyeji wa Nick mchezoni, juu ya vijana wa kutengenezwa maabara nao unategemea sura hiyo. Wasimamizi waliongeza kwamba katika mji mdogo wa chuo miaka ya 1960, ndoa ya mweusi na mweupe isingepita bila kusemwa. Hoja ina mashiko. Mzaha ule kweli ungepoteza makali. Kilichokosekana ni nafasi ya mazungumzo. Mwongozaji alikuwa na wazo lake, kwamba Nick mweusi anayevumilia matusi ili apande cheo ni hadithi inayojulikana Marekani. Kwangu wazo hilo lilistahili kusikilizwa kabla ya kukataliwa.

Waliofungua baadaye

Wapo walioandika wakiwa na sura fulani akilini, kisha miaka ikapita na mlango wakaufungua.

J.K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, aliposikia kwamba Hermione wa jukwaani London angekuwa Noma Dumezweni, mwigizaji aliyezaliwa Swaziland kwa wazazi wa Afrika Kusini, alisema mwezi Desemba 2015 kwamba kitabu kilitaja macho ya kahawia, nywele za timtim na akili nyingi, na ngozi nyeupe haikutajwa. Wasomaji makini wakaufunua ukurasa wa kitabu cha tatu ambako uso wa Hermione unaelezwa kuwa mweupe. Dumezweni alicheza vizuri mpaka akapata tuzo ya Olivier mwaka 2017, kwa hiyo jukwaani uamuzi ulijithibitisha. Utetezi wa mwandishi ndio uliopungukiwa. Asingehitaji kusema kwamba mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo. Ingetosha kusema: nilimwandika hivi, leo nafurahi kumwona vile.

Hivyo ndivyo alivyofanya Rick Riordan. Annabeth wa vitabu vya Percy Jackson ana nywele za rangi ya dhahabu na macho ya kijivu, na Riordan hakulikana hilo. Mwaka 2022 Leah Jeffries, binti mweusi wa miaka 12, alipopewa nafasi na kuanza kutukanwa mtandaoni, mwandishi alisimama mbele yake kwa maandishi: alishiriki katika uamuzi, alichokitafuta ni tabia ya mhusika, na wanaomshambulia mtoto kwa ngozi yake hawakukielewa kitabu. Mwandishi anayefungua mlango ajue kwamba matusi hayatamfuata yeye. Yatamfuata mwigizaji, mara nyingi kijana aliye peke yake na simu yake. Kama huko tayari kumtetea hadharani, usijisifu kwa uwazi wako.

Kwa upande wa jinsia, aliyefanya vyema kuliko wote ni Stephen Sondheim. Muziki wa jukwaani Company, wa mwaka 1970, unamhusu Bobby, mwanamume wa miaka 35 anayeulizwa na marafiki kwa nini haoi. Mwaka 2018 mwongozaji Marianne Elliott alimgeuza kuwa Bobbie, mwanamke, na Sondheim, akikaribia umri wa miaka 90, akakubali na kubadilisha maneno ya nyimbo. Swali la ndoa kwa mwanamke wa miaka 35 lina presha nyingine kabisa, ya uzazi na ya maneno ya watu, na kila dada wa umri huo aliyewahi kukalishwa na shangazi zake kwenye harusi anaijua. Mabadiliko yale yaliufanya mchezo wa zamani uhusu leo. Yalifaulu kwa sababu mwandishi alishika kalamu mwenyewe. Kubadilisha jina na nguo peke yake kusingetosha.

Julia Quinn, mwandishi wa riwaya za Bridgerton, amekubali yote mawili. Kwanza rangi, mfululizo wa televisheni ulipoanza mwaka 2020, kisha jinsia, mwaka 2024, ambapo Michael wa riwaya amekuwa Michaela, akiigizwa na Masali Baduza wa Afrika Kusini. Baadhi ya wasomaji wake walimlilia kwamba Francesca wa kitabuni, anayeolewa na Michael, anahangaika kupata mtoto na mume, na kwamba hadithi hiyo waliibeba kama yao. Si haki kuwaweka wote kwenye kapu la wenye chuki. Quinn alieleza kwamba alizungumza na waandaaji mpaka akaridhika.

Kuacha wazi hakufuti maana

Kosa la wanaoacha wazi ni kudhani kwamba rangi ikishaachwa wazi haina tena la kusema. Mwaka 1968 George Romero alimpa Duane Jones nafasi ya Ben katika Night of the Living Dead kwa sababu alifanya usaili vizuri kuliko wengine. Mswada haukusema Ben ni mweusi, na hakuna neno lililoongezwa kuhusu rangi. Lakini filamu inaisha Ben akiwa ameokoka usiku kucha dhidi ya wafu waliofufuka, halafu asubuhi anapigwa risasi na kundi la wanaume weupe wenye bunduki waliomdhania mmoja wa wafu. Mwaka uleule King aliuawa. Watazamaji wengi hawakuiona risasi ile kuwa ya bahati mbaya tu. Kwa hiyo ukiacha wazi, usome upya mwisho wako ukiwa na kila mwigizaji akilini, na ujiulize kama uko tayari kwa maana itakayoingia. Romero alibahatika: maana iliyoingia iliikuza filamu. Si kila mswada utakuwa na bahati hiyo.

Caryl Churchill hakuacha bahati iamue. Katika Cloud Nine ya mwaka 1979, sehemu ya kwanza iko katika koloni la Kiingereza barani Afrika, na maelekezo yanataka mke, Betty, aigizwe na mwanamume, na mtumishi mweusi Joshua aigizwe na mtu mweupe. Wote wawili wamejifunza kujitazama kwa macho ya bwana mkubwa, na mwili wa mwigizaji unalionyesha hilo kabla hajafungua mdomo. Njia hii ni ya mwandishi anayejua anachokitaka. Usiijaribu kwa ajili ya kushangaza watu.

Na kwetu je?

Kwa jukwaa letu, uwazi wa rangi ni wa siku nyingi. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na hakuna aliyesubiri Warumi waje kuzicheza. Mwaka 2012 nyingine ya Shakespeare, Wanawake wa Heri wa Winsa, ilichezwa kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London, Mrisho Mpoto akiwa Falstaff. Katika shule za wasichana, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein huchezwa na wasichana watupu, na Wajerumani wa mchezo ni wanafunzi haohao. Kwa nini inawezekana? Kwa sababu ukumbi mzima unajua nani ni nani katika historia ile; hakuna anayeweza kusahau kwamba Mjerumani ni Mjerumani.

Kwetu panapouma ni kwingine: asili, lafudhi na weupe wa ngozi. Filamu ya Half of a Yellow Sun ya mwaka 2013, kutokana na riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, ilimpa Thandiwe Newton nafasi ya Olanna, na baadhi ya Wanigeria walipinga, kwa sababu Olanna ni Muigbo na hadithi ni ya vita vya Biafra. Newton, ambaye mama yake ni Mzimbabwe, si Muigbo. Mkataba unaosema "mwigizaji Mwafrika" usingemsaidia mwandishi hapo. Ukiandika hadithi ya Mpemba, au ya Mmakonde wa mpakani, au ya mtu mwenye ualbino, ujue kwamba neno "mweusi" halikulindi hata kidogo.

Namna ya kuchagua

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Chukua ukurasa wenye tukio zito kuliko yote, umgeuze mhusika: mwanamume awe mwanamke, mweusi awe mweupe, mtu wa pwani awe mtu wa bara. Soma kwa sauti. Kama hakuna kilichotikisika, acha wazi na uandike hivyo. Kama kuna kitu kimeongezeka ambacho hukukipanga, acha wazi ila udai kushirikishwa, kwa sababu itabidi urudi kwenye mistari kama alivyofanya Sondheim. Kama hadithi imevunjika, funga, na sababu uitaje.

Kiswahili kitakusaidia kuacha jinsia wazi, maana unaweza kuandika kurasa nyingi za maelekezo bila kuifichua. Kinachokusaliti ni vitu vidogo: anaoa au anaolewa, shangazi au mjomba, kanzu au kanga. Vipekue kabla ya kutangaza kwamba nafasi iko wazi. Kisha kwenye orodha ya wahusika andika namna hii:

DAKTARI: miaka 40 na kitu, hajalala tangu jana, hapandishi sauti. Jinsia yoyote, asili yoyote. Vitenzi na majina ya heshima yabadilishwe kumfuata mwigizaji.

BI SALMA: miaka 60, ananyimwa shamba la baba yake na kaka zake. Aigizwe na mwanamke, kwa kuwa ananyimwa kwa sababu ni mwanamke. Badiliko lolote kwa ruhusa ya mwandishi, kwa maandishi.

Kwenye mkataba usikubali neno "mshauri" peke yake. Dai kifungu kinachowataja wahusika uliowafunga kwa majina, na kingine kinachosema waliobaki wako wazi kweli, yaani watu wa jinsia na asili zote waitwe kwenye usaili. Kama una nguvu ya kudai kimoja tu, chukua cha kwanza.

Kwa wahusika wanne kati ya watano mimi ningeacha wazi kwa maandishi. Yule wa tano ningemfunga kwa mtindo wa Hall, mlango ukiwa na mtu wa kubishiwa hodi. Na mtu huyo si lazima awe mimi: Tanzania na Kenya hakimiliki huendelea miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, maana yake barua za waongozaji zitakuja kusomwa na watoto na wajukuu ambao pengine hawakuwahi kukuuliza. Wasimamizi wa Albee ilibidi wategemee mistari ya mchezo na kauli zake za zamani kulijibu swali ambalo aya moja ya mwandishi, iliyoandikwa akiwa hai, ingelimaliza. Iandike aya hiyo, uitie sahihi na tarehe, uiweke pamoja na mkataba.